Lodi na Jivu

Kitabu kilikuja kwa chukudu, chini ya magunia ya makala,
Januari ile mlima ulipoteremka mjini bila kubisha hodi.
Nzanzu alikiokota nyuma ya maktaba ya mapadri.
Dada, akaniambia, wewe unayeshona vitabu, shona na hiki.
Hakuna ukurasa uliopona mzima.
Moto ulikula kona ya chini ya kila mmoja, kwa adabu,
kama panya anayemega mkate wa mgeni.

Kwa hiyo maisha ya Lodi Ambrose Hartwell-Pryce
nayajua kwa robo tatu.
Mjomba Zihindula, aliyefundisha Kiingereza Bukavu miaka thelathini,
alinitafsiria jioni, taa ya petroli katikati yetu:
Alizaliwa katika nyumba ya madirisha tisini, na mama yake alimwona
jivu.
Akiwa na miaka kumi na tisa alirithi mashamba, mbwa ishirini, na deni la
jivu.
Alitumwa balozi katika mji wa theluji, huko akampenda mke wa
(hapa mjomba alicheka mpaka akakohoa)
jivu.

Alijua lugha saba za kusema ndiyo
na moja ya kusema tutaona.
Bungeni alisimama saa nne akitetea uhuru wa taifa fulani,
akaketi, akaomba chai.

Hakuwahi kufika huku. Lazima niliseme hili,
maana watu wakikiona mezani wananiuliza: huyu alitutenda nini?
Nilitafuta Goma kwenye faharasa. Haikuwapo.
Mahali pake palikuwa na gauti, ndiyo jongo,
maumivu ya kidole gumba cha mguu wake:
kurasa tisa.

Lakini ukurasa wa mia mbili na kumi na nne una picha:
ramani juu ya meza, na mkono wake
umelegea kama wa mtu aliyeshiba.
Kidole kidogo kimelala juu ya ziwa letu.
Kimelifunika lote, kutoka Kituku mpaka kule Bukavu,
na pete imebaki nchi kavu.

Mwaka wa kwanza nilimalizia sentensi zake kwa penseli, kwa hasira.
Nilimuua kwa farasi, kwa mfupa wa samaki, kwa mume wa yule mke.
Mwaka wa pili hasira ilichoka kabla ya penseli.
Nikampa mama aliyemwona mara moja, mlangoni,
akainama, akamfunga kifungo cha koti.

Kisha wakaja kupima viwanja.
Lava ilikuwa imefuta mipaka yote ya Murara,
ua, mfereji, parachichi la jirani lililodondokea kwangu.
Mpimaji alikunjua karatasi mezani.
Mama, onyesha chako kinaishia wapi.
Nsimire, jirani yangu, alikuwa bado ng'ambo, Gisenyi, na watoto.
Nikaweka kidole.
Mpimaji akachonga penseli.
Nikatazama: chini ya ukucha wangu palikuwa na jiko lake,
na lile jiwe alilokalia akichambua sombe.
Kidole hakikuwa kizito. Hilo ndilo lililonishtua.
Kilikuwa chepesi, kina joto,
kingeweza kulala pale miaka mia.

Rudi Jumatatu, nikamwambia, mwenyewe akiwapo.
Alinuna, akadai nauli. Nikalipa.

Usiku ule nilifungua tena ile picha.
Pale chini, penye weusi, sikumwandikia Lodi kitu.
Nilishona tu, tundu kwa tundu, mpaka uzi ukaisha.

Jumatatu mpimaji hakutokea.
Alikuja Nsimire, begani kamba ya mbuzi,
hata salamu hakumaliza:
kumbe miaka yote hii, akasema,
jiko langu mimi ndilo lililokuwa kwake.